Kilima Nilichokataa Kushuka

Tangu nilipostaafu mwezi uliopita, wadogo zangu wa kazini mnanipigia simu kila theluji inapoanguka. "Dada Atu, gari linateleza, nifanyeje?" Mara nyingi nakuwa jikoni, mwiko mkononi, na ugali haumngojei mtu. Kwa hiyo nimeona niyaandike. Habari za vyeo na mishahara waulizeni wengine, wapo wanaozipenda. Mimi nitaandika juu ya miaka ya tisini tu, kwa sababu ndiyo niliyojifunzia kazi. Iliyofuata ilikuwa kazi ile ile, isipokuwa magari yalizidi kuwa na taa na milio.

Wengi wenu hamjui kwamba udereva niliuanzia Tukuyu. Nilikuwa naendesha landrova ya idara ya maji, mwanamke peke yangu kati ya madereva wanaume, na Tukuyu mvua hainyeshi kwa msimu, inanyesha kwa tabia. Barabara za milimani zilikuwa tope jekundu linalonata kama unga wa ngano uliozidi maji. Tope lile lilikuwa na dawa moja. Unaweka fowili, yaani unaunganisha magurudumu yote manne yavute pamoja, unachukua mwendo kabla hujalifikia, unakanyaga mafuta na huachii. Magurudumu yakizunguka kwa nguvu, yanajisafisha yenyewe na kushika tena. Palikuwa na vijana waliokuwa wakikaa juu ya ukingo wa barabara kungoja kuona yule mama akikwama. Walikaa sana.

Mume wangu alipopata nafasi ya kusoma Toronto, nikamfuata na mtoto. Tulipanga ghorofa ya juu Rexdale, karibu na barabara ya Kipling, kwenye jengo ambalo kila asubuhi lifti ilikuwa imejaa watu wa zamu za maghala ya karibu na uwanja wa ndege. Mimi nami nilifanya kazi ghalani, kufunga maboksi, mpaka jirani aliponiambia kuna kampuni ndogo inatafuta madereva wa kupeleka wagonjwa hospitali. Wengi wao walikuwa wagonjwa wa figo, wale wa kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Kampuni ilikuwa na magari madogo ya kawaida, na kwa siku za theluji ilikuwa na magari machache ya fowili.

Aliyenisaili alikuwa Marcia, Mjamaika mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, ambaye ndiye aliyepanga safari zote na kukaa kwenye redio ya mawasiliano. Aliniuliza kama nimewahi kuendesha fowili. Nilicheka. Nilimwambia sijawahi kuendesha kitu kingine. Akaniangalia juu ya miwani yake akasema, "Utacheka vizuri zaidi mwezi wa pili," kisha akanituma kwa fundi mkuu anijaribu.

Fundi mkuu alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikamsalimu kwa Kiingereza changu cha wakati ule. Miguu ikatulia.

"Wewe wa wapi?" sauti ikauliza kwa Kiswahili. "Kenya?"

"Tanzania. Tukuyu."

Akatoka kwa haraka mpaka akagonga paji la uso kwenye bampa. Alikuwa Mhindi wa makamo, mwembamba, nywele zimeanza mvi. "Bana! Mimi wa Mwanza," akasema huku akijisugua paji. "Pole sana, mama. Umefika kwenye baridi."

Huyo ndiye Mzee Nizar. Zamani aliendesha malori ya pamba kutoka Shinyanga mpaka kwenye vinu vya Mwanza, kisha familia yake ikahamia Kanada, na yeye akaishia Mississauga na mkewe, Bi Zarina, na watoto ambao wakiongeleshwa Kiswahili hujibu kwa Kiingereza. Kwa hiyo Kiswahili chake chote alikuja nacho kazini. Kuanzia siku hiyo hatukuzungumza lugha nyingine.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, alinipeleka kwenye barabara ya nyuma ya maghala, yenye mteremko mfupi na isiyo na watu. Akaniambia nipande. Nikafanya nilivyojua. Niliweka fowili, nikachukua mwendo, nikakanyaga mafuta. Gari lilipanda kidogo, likafikiri, halafu likageuka lote kwa utaratibu kabisa na kukaa ndani ya rundo la theluji, uso wake umeelekea tulikotoka. Mzee Nizar akavua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya. Sasa tuanze."

Jambo la kwanza aliloniambia ndilo ninalowaambia ninyi kila mwaka. Fowili inakusaidia kuondoka. Kusimama haikusaidii. Gari la magurudumu mawili na gari la magurudumu manne, yakifunga breki juu ya barafu, yote yanateleza sawa, ila lile la manne linateleza likiwa na mwendo zaidi, kwa kuwa dereva wake alijiamini. Nendeni kwenye barabara kuu siku ya theluji mkaangalie magari yaliyolala mtaroni. Mtashangaa ni mangapi yana fowili.

Jambo la pili lilihusu miguu. Nilikuwa nimenunua viatu vya theluji vikubwa, vya kupanda navyo mlima. Aliniamuru nivivue. "Hii gari inaongea na wewe kwa miguu," alisema. "Wewe umeweka godoro katikati." Tangu siku hiyo nilikuwa na raba nyepesi chini ya kiti, nazivaa nikiingia na kuzivua nikitoka. Ndani ya raba zile nilianza kusikia vitu ambavyo sikuwahi kuvisikia Tukuyu. Nilisikia pedali ya breki inavyotetemeka kabla tairi haijaachia, na sakafu inavyolainika ghafla pale lami inapogeuka kuwa barafu.

Mengine yalikuja polepole, majira hadi majira. Ondoka kwa gia ya pili badala ya ya kwanza, ili magurudumu yasipate nguvu ya kuzunguka bure. Gari likianza kuserereka, ondoa mguu kwenye mafuta, usiguse breki, tazama pale unapotaka kwenda, na mikono yako itafuata macho. Ukitazama nguzo, utaikumbatia nguzo. Sikiliza matairi. Barabara yenye maji inarusha maji na kupiga kelele, na kelele zikikatika ghafla na huoni maji yakirushwa tena, ujue yameganda na wewe uko juu yake. Madaraja huganda kabla ya barabara, kwa kuwa baridi inayapiga juu na chini. Baridi ikizidi sana hata chumvi wanayomwaga haifanyi kazi, inabaki kama changarawe. Na magari yetu ya wakati ule, ambayo fowili yake iliwekwa kwa mkono, yalitaka uiondoe ukifika kwenye lami kavu, la sivyo ukikata kona gari linarukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba na difu, zile gia za ekseli, inalia.

Nyuma ya kiti nilikuwa na beleshi fupi, kamba ya kuvutia, blanketi mbili, mshumaa mnene ndani ya kopo, na mfuko wa ule mchanga wanaouza kwa ajili ya choo cha paka. Msicheke. Ukiumwaga chini ya tairi linalozunguka bure, linashika. Miaka yote hiyo mwenye duka wa pale plaza karibu na kwetu alikuwa akiniuliza paka wangu hajambo, nami namjibu hajambo.

Abiria wangu wa kwanza wa kudumu alikuwa Mama Consolata, mtu wa Uvira, aliyekaa jengo la pili kutoka kwetu. Alikuwa mdogo wa mwili, mwenye vitenge vizito chini ya koti la msimu wa baridi, na rozari haikumtoka mkononi. Kila asubuhi aliuliza, "Mama shofeli, leo neje iko namna gani?" Theluji aliiita kwa Kifaransa cha kwao, na dereva vilevile. Nikimwambia ni nyingi, anaanza sala tangu tunapopita kituo cha basi cha Islington. Nikimwambia ni kidogo, anasema basi sala itangoja safari ya kurudi.

Asubuhi moja ilinyesha mvua inayoganda. Hiyo, wadogo zangu, ndiyo mbaya kuliko theluji yote. Inashuka kama maji na ikigusa kitu inakuwa kioo. Tulikuwa tunakaribia daraja la mto Humber, mimi na Mama Consolata, nilipoona lori mbele yetu linaanza kukaa upande. Halikuwa na haraka. Tela lake lilikuja kwa taratibu likifunga njia moja, halafu nyingine, kama mlango unaosukumwa na upepo. Mazoea ya zamani yalinivuta mguu kwenye breki. Sijui nilijizuiaje. Nilishusha gia, nikaacha injini itushike, nikaelekeza macho kwenye theluji ngumu ya ukingoni, ile chafu yenye mchanga, na gari likaifuata. Matairi ya kulia yakauma. Tukasimama tumeinama upande, na lori nalo likasimama limelalia njia zote, na dereva wake akashuka akianguka na kuinuka.

Nikageuka. Mama Consolata alikuwa amekatiza sala na kufumbua macho.

"Tumefika?" akauliza.

"Bado, Mama."

"Basi naendelea," akasema, na akafumba tena.

Nilimsimulia Mzee Nizar mchana ule. Hakunisifu, haikuwa desturi yake. Alizunguka gari, akainama kutazama matairi ya upande wa kulia, akapapasa tope lililoshika ubavuni, kisha akaingia ndani kunywa chai. Baadaye Marcia aliniambia kwamba Mzee alitaka madereva wapya wote wapande na mimi kwanza kabla ya kupewa gari.

Haukupita muda mrefu tangu hapo nilipoanza kuona kwamba Mzee Nizar anatembea vibaya. Alikuwa na kisukari cha siku nyingi, na alikitunza kama wanaume wengi wanavyokitunza, yaani Bi Zarina ndiye aliyekitunza. Alianza kukanyaga chini kwa nguvu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Siku moja alitoa gari gereji na kuligonga kwenye ukuta, polepole tu, taa moja ikavunjika. Alikaa ndani bila kushuka. Nilipomfikia alikuwa anatazama miguu yake.

"Sisikii pedali," alisema. "Naona mguu uko pale. Lakini sisikii."

Madaktari walimkataza kuendesha, na muda si mrefu figo nazo zikachoka. Mtu aliyekuwa akiyatengeneza magari ya kupeleka wagonjwa kwenye mashine akawa mmoja wa wale wanaopelekwa. Marcia aliniita pembeni akaniuliza kama nitamchukua mimi au ampe mwingine. Nikamwambia nitamchukua.

Sitawadanganya, hakuna abiria aliyenichosha kama yeye. Alikaa mbele, hakutaka nyuma. Alisema nimekaribia sana gari la mbele, kisha aseme nimekaa mbali mno watu wataingia katikati. Tukikaribia taa nyekundu, mguu wake wa kulia unasukuma sakafu. Nikikata kona anashika mshikio wa juu ya dirisha. "Mzee, si wewe uliyenifundisha?" nilimwambia siku moja. Akajibu, "Ndiyo maana najua ulipokuwa husikilizi." Hakuwahi kusinzia garini mwangu hata kidogo, ingawa wagonjwa wote wakitoka kwenye mashine wanakuwa wamechoka kama waliolima heka nzima, na wengi wanalala kabla sijafunga mlango. Yeye alikaa wima, macho barabarani, akiendesha.

Kisha ikaja Januari ile ya mwisho wa muongo, ambayo hata ninyi mliokuja baadaye mmesimuliwa. Theluji ilianguka juu ya theluji ambayo haijapata mahali pa kwenda, mpaka jiji likaomba wanajeshi waje kusaidia. Mabasi yalikwama. Watu wa Scarborough walitembea kwenda kazini katikati ya barabara. Mzee Nizar alikosa zamu yake moja ya mashine, kwa kuwa mtaa wao haukupitika kabisa. Mgonjwa wa figo akikosa mashine, maji hayatoki mwilini. Yanajaa miguuni, yanapanda, na yakifika kwenye mapafu mtu anaanza kuzama akiwa kitandani kwake.

Asubuhi iliyofuata Bi Zarina alipiga simu kazini. Gari la wagonjwa la dharura lilikuwa njiani, lakini ameambiwa angoje sana, kwa kuwa kila mtu alikuwa anaita. Mzee alilala ameketi kwenye kiti usiku kucha. Marcia alinitazama, mimi nikachukua funguo. Hakuniambia niwe mwangalifu. Aliniambia, "Niite kwenye redio kila ukisimama."

Barabara kuu zilikuwa zimekwanguliwa njia moja. Mississauga nilifika, lakini mtaa wao ulikuwa shamba. Theluji ilifika juu ya bampa, na hapo ndipo fowili huwa haina msaada, kwa kuwa gari linakaa juu ya theluji kwa tumbo na magurudumu yote manne yananing'inia bila kugusa kitu. Nikaliacha kwenye barabara kubwa, taa zinawakawaka, nikaenda kwa miguu. Bi Zarina alikuwa mlangoni na koti juu ya kanzu ya kulalia. Ubavuni mwake alikuwa amesimamisha kigari cha plastiki chekundu cha kutelezea watoto kwenye theluji, ambacho wajukuu walikiacha wakati wa likizo.

Mzee Nizar alikuwa kwenye kiti sebuleni, uso umevimba, midomo imepauka. Alikiona kile kigari akaelewa.

"Hapana," alisema. Ilimbidi avute pumzi katikati ya maneno. "Mimi si gunia ya pamba."

"Gunia la pamba lisingebisha," Bi Zarina akamjibu huku akimfunga skafu. "Inuka."

Tulimketisha, tukamzungushia blanketi zangu mbili, tukashika kamba mimi na mkewe na kuanza kuvuta. Nakumbuka jua lilikuwa limetoka na kila kitu kiling'aa mpaka macho yanauma. Jirani mmoja alitoka na beleshi, akaona, akaliacha, akaja kusukuma kwa nyuma bila kuuliza. Mzee alikaa wima juu ya kile chombo cha watoto, mikono magotini, akitazama mbele, kama mtu mkubwa anayepitishwa kwenye maandamano asiyoyapenda.

Tulipomwingiza garini, Bi Zarina alitaka kuja. Alimkataza, akasema nyumba itaganda mabomba. Nikainua kiti chake ili akae wima kabisa, nikafungua dirisha kidogo apate hewa, nikaondoka.

Hospitali yetu ilikuwa ng'ambo ya kijito cha Etobicoke, na njia fupi inashuka bondeni kwa mteremko mrefu, inavuka daraja, inapanda upande wa pili na kukufikisha moja kwa moja. Nilifika juu ya mteremko nikasimama. Theluji ilikuwa imekwanguliwa, lakini upepo ulikuwa umeisugua iliyobaki mpaka ikawa na mng'aro wa buluu. Hakukuwa na alama ya tairi. Chini kabisa palikuwa na kona, na baada ya kona daraja.

"Pita," alisema Mzee Nizar.

Nilishuka, nikavaa kiatu cha theluji mguu mmoja, nikakanyaga. Kiatu kiliteleza, kikaondoka chenyewe. Nilirudi ndani.

"Weka fowili, gia ya chini kabisa. Pita, binti." Hakuwahi kuniita binti. "Ile njia ya kuzunguka ni mbali. Mimi nimechelewa tayari."

Nilijua amechelewa. Nilikuwa nasikia kifua chake kikilia kama birika linaloanza kuchemka. Na nilijua kwamba yeye mwenyewe, miaka ya nyuma, angeniambia nigeuze. Aliyekuwa anasema pita ni yule mtu aliyekosa hewa. Lakini pia nilifikiri, labda ni mwalimu wangu, labda anaona kitu nisichokiona. Sikuwahi kumkatalia neno lolote tangu siku aliponivua viatu.

"Hapana, Mzee," nilisema. "Sishuki."

Niligeuza gari. Hakubisha. Aliegemeza kichwa kwenye kioo na kufumba macho, na hilo lilinitisha kuliko kama angenitukana.

Njia ya kuzunguka ilikuwa mbaya kwa namna yake. Tulikwenda nyuma ya foleni, foleni ikasimama, na mbele ya foleni palikuwa na lori kubwa la kukwangua theluji, limeegeshwa, dereva anakunywa kahawa kwenye kopo. Niliita Marcia, nikamwambia awaambie hospitali watutolee kiti cha magurudumu mlangoni. Kisha nikamwambia Mzee, "Nakuja," nikashuka na kukimbia kando ya magari yale yote na raba zangu nyepesi, nikianguka mara nyingi kuliko ninavyopenda kusimulia. Nilimgongea dereva wa lori mlango. Alikuwa mzee Mreno mwenye masharubu. Kiingereza chake na changu vilikutana katikati. Nilimwonyesha gari langu, nikaweka mkono kifuani, nikapumua kama Mzee Nizar alivyokuwa anapumua. Alimwaga kahawa dirishani na kuwasha injini.

Alitutoa kwenye foleni kwa kupanda ukingo, akashusha lile jembe lake la chuma, akatutangulia. Theluji ilifunguka pande mbili mbele yangu. Nilikaa nyuma yake kwa umbali ule ule, si karibu wala mbali, na muda wote nilikuwa nikizungumza. Nilimuuliza Mzee habari za barabara ya Shinyanga wakati wa masika, malori yalipitaje, nani alikuwa tingo wake. Hakunijibu hata moja. Nilipotulia kidogo akasema, macho yamefumbwa, "Endelea." Nikaendelea. Nilimsimulia Tukuyu yote.

Mlangoni pa hospitali walikuwa wanangoja. Walimchukua mbio. Dereva wa lori aliinua mkono, akageuza, akaenda zake, na jina lake sikulijua.

Mpaka leo sijui kama kile kilima kingetupitisha. Huenda kingetupitisha. Sikusikia kwamba mtu yeyote alianguka pale siku ile. Watu huniuliza nikisimulia, wakitaka nimalizie kwa magari yaliyorundikana chini ya mteremko, lakini sikuyaona magari hayo. Nilichokuwa nacho ni kiatu kilichoondoka chenyewe, na mtu mmoja ndani ya gari. Hicho ndicho ninachowaachia, wadogo zangu. Hamtaonyeshwa kila mara kwamba mlifanya sawa.

Marcia aliniambia nibaki nimngoje Mzee. Alitoka alasiri, amesukumwa kwenye kiti, uso umeshuka uvimbe, mdogo ndani ya koti lake.

"Ulinikatalia," alisema.

"Nilikukatalia, Mzee."

"Mbele ya Zarina usiseme. Naye atapata njia ya kunikatalia." Kisha akanyoosha mkono nimshike aingie garini.

Aliishi miaka mingine kadhaa baada ya hapo, na aliendelea kupanda gari langu na kulalamika juu ya kona zangu mpaka mwisho. Lakini alasiri ile hakulalamika. Nilimfunga mkanda, nikaweka blanketi juu ya magoti yake, tukatoka. Jua lilikuwa linashuka, njia zilikuwa zimepanuliwa, na nilikuwa nasubiri aseme nimekaribia sana gari la mbele. Hakusema. Kwenye taa nyekundu ya kwanza nilimtazama. Kichwa kilikuwa kimelala begani, mdomo uko wazi kidogo, mikono imeachia.

Tulipofika kwao, mtaa ulikuwa umekwanguliwa. Bi Zarina alikuwa nje akisafisha ngazi, akasimama alipotuona, akaanza kuja mbio. Niliweka kidole mdomoni. Akachungulia kupitia kioo, akamwona alivyolala, na akabaki pale na beleshi lake mkononi bila kusogea.

Nikatoa mguu kwenye breki pole pole, asije akaamka. Nikazunguka mtaa mzima, kwa mwendo wa mtu anayetembea, kona zote nikizikata kwa upole wote niliokuwa nao. Kisha nikazunguka mara nyingine.

Redio ikaita. Marcia alitaka kujua kama nimeshamfikisha.

Nilipunguza sauti, nikaishika ile redio karibu na mdomo.

"Bado," nikamwambia. "Bado tuko njiani."